Ushauri Nasaha wa Kulipia Mtwara na Lindi: Kadi ya Bima au Fedha Mfukoni

Mkazi wa Masasi, Newala, Nachingwea au Kilwa anayeamua kumwona mshauri nasaha binafsi, iwe ni kwa sababu ya sonona, wasiwasi unaomnyima usingizi, msiba mzito au ndoa iliyofika pabaya, hukutana mapema na swali la fedha. Swali hilo huulizwa kana kwamba lina majibu mawili tu, yaani mwenye bima atatumia kadi na asiye na bima atatoa mfukoni. Msimamo wangu ni tofauti. Huduma ya afya ya akili ina sehemu tatu zinazoweza kutenganishwa wakati wa kulipa: kumwona daktari, dawa, na vikao vya mazungumzo. Bima huzibeba vizuri sehemu mbili za kwanza na mara nyingi huyumba katika ya tatu, ilhali fedha taslimu zinafaa sana katika vikao na zinaumiza sana katika dawa. Kwa hiyo hata mwenye kadi nzuri anaweza kuwa na sababu ya kulipa taslimu kwa baadhi ya mambo, na asiye na kadi anaweza kuwa na sababu ya kujiunga hata kama kadi hiyo haitamlipia mshauri kikao kimoja.

Jambo moja liwekwe nje ya ulinganisho huu tangu mwanzo. Mtu anayezungumzia kujiua, aliyejaribu kujidhuru, au ambaye hajalala kwa siku kadhaa huku akisikia sauti ambazo wengine hawazisikii, apelekwe hospitali iliyo karibu saa hiyo hiyo, kadi iwepo au isiwepo. Hesabu za nani analipa zitafanywa baadaye, mgonjwa akiwa salama.

Unayemlipa ni nani

Daktari wa magonjwa ya akili ni daktari wa tiba aliyebobea. Anapima, anautaja ugonjwa na kuandika dawa. Mwanasaikolojia hutibu kwa mazungumzo yenye utaratibu, na kwa kawaida haandiki dawa. Mshauri nasaha humsaidia mtu kuyapanga mawazo yake na kufikia uamuzi kuhusu jambo linalomsumbua. Katika mikoa yetu miwili, hata hivyo, mtu wa kwanza kupatikana mara nyingi ni muuguzi au tabibu wa kitengo cha afya ya akili hospitalini, au afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, na ni haki kusema kwamba watu hawa wanabeba mzigo mkubwa kuliko unavyoonekana.

Tofauti hizi zina uzito katika malipo, kwa sababu bima hulipa kituo chenye mkataba nayo kwa huduma iliyomo katika orodha yake. Mshauri mwenye ofisi ya chumba kimoja mjini Mtwara au Lindi, hata awe hodari kiasi gani, kama hana mkataba huo, kwako ni mtu wa fedha taslimu. Hivyo swali la kwanza kwa mshauri yeyote liwe kama kituo chake kimesajiliwa na kinapokea kadi gani, na swali la bei lifuate baada ya hapo.

Upande wa bima

Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kazi mwaka 2001, ndio unaowahusu wengi, hasa walimu, wauguzi na watumishi wengine wa umma. Mchango wake kwa waajiriwa ni asilimia 6 ya mshahara, ambapo mtumishi hukatwa asilimia 3 na mwajiri huongeza asilimia 3, na kadi huwahudumia mwanachama, mwenza wake na wategemezi wengine hadi 4. Mwalimu wa Tandahimba mwenye mshahara wa shilingi 800,000 hukatwa shilingi 24,000 kila mwezi, sawa na shilingi 288,000 kwa mwaka, awe ameugua au hajaugua. Fedha hiyo imeshatoka, na kwa mtu wa namna hii haina maana kuanza kulipa taslimu kabla hajajua kadi yake inampa nini katika hospitali anazozifikia: Ligula mjini Mtwara, Sokoine mjini Lindi, Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini iliyoko Mitengo, au hospitali za misheni za Ndanda na Nyangao.

Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa, ambao wengi huuita CHF, umekuwa kimbilio la kaya za vijijini kwa mchango uliokuwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu wasiozidi 6. Kwa kiasi hicho haukutengenezwa kumlipia mtu mshauri binafsi, na si haki kuulaumu kwa hilo. Faida yake katika suala hili ni njia ya rufaa: mgonjwa huanza zahanati, akapelekwa kituo cha afya au hospitali ya wilaya, na panapohitajika akafika hospitali ya mkoa bila kulipa upya kila mlangoni. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inaubadilisha mpangilio huu wa mifuko na vifurushi, na kwa sababu hiyo kiasi cha mchango na orodha ya huduma viulizwe ofisini mwaka uleule unaojiunga, badala ya kutegemea alichoambiwa jirani msimu uliopita.

Kundi la tatu ni bima za kampuni binafsi, ambazo huku kwetu mtu huzipata zaidi kupitia mwajiri, kama vile kiwandani, bandarini au kwenye shirika. Hizi ndizo zenye uwezekano mkubwa wa kutaja ushauri nasaha kwa jina, na ndizo zenye masharti mengi yanayoandikwa kwa herufi ndogo. Mambo manne yasomwe kwa makini. La kwanza ni ukomo, yaani kiasi cha juu ambacho bima italipa kwa mwaka; huduma za akili mara nyingi huwa na ukomo wao mdogo ndani ya ukomo mkubwa wa matibabu ya kawaida, kwa hiyo mtu anaweza kuwa na mamilioni ya kulazwa na kiasi kidogo tu cha vikao. La pili ni kipindi cha kusubiri, ambacho huwakatisha tamaa wanaojiunga wakiwa tayari wanaumwa. La tatu ni orodha ya yasiyolipiwa, ambamo mara kwa mara hukutwa majeraha ya kujidhuru na matatizo yatokanayo na pombe au dawa za kulevya, jambo ninaloliona kuwa la kusikitisha kwa sababu hao ndio wanaohitaji msaada wa haraka zaidi. La nne ni kibali cha awali, kwani kikao kilichofanyika kabla ya kibali kinaweza kukataliwa chote hata kama kilistahili.

Kwa mwenye kadi yoyote, dakika chache kwenye dirisha la bima la hospitali, au simu moja kwenye ofisi ya mfuko ya mkoa, zinafaa kuliko wiki ya kubahatisha. Swali lisiwe la jumla. Ukiuliza kama bima inalipia afya ya akili utajibiwa ndiyo, nalo litakuwa jibu la kweli lisilokusaidia. Uliza hivi: "Dada, samahani, kadi hii inalipia vikao vya mazungumzo na mshauri au mwanasaikolojia, au inalipia kumwona daktari na dawa tu? Kama inalipia vikao, ni vingapi kwa mwaka, na ni lazima nianze na rufaa ya daktari gani?" Muulize pia jina la huduma kama lilivyo katika orodha yao, uliandike, na uondoke nalo.

Bima inahitaji ugonjwa wenye jina

Hapa ndipo njia hizi mbili zinapoachana kabisa, na ndipo wengi hawaambiwi mapema. Bima ya afya hulipia matibabu ya ugonjwa. Ili dai lilipwe, mtoa huduma hujaza fomu ya madai yenye utambuzi wa ugonjwa, na utambuzi huo huandikwa kwa msimbo wa kimataifa wa uainishaji wa magonjwa. Katika toleo la kumi la uainishaji huo, magonjwa ya akili na tabia yamewekwa chini ya herufi F: tukio la sonona ni F32, matatizo ya wasiwasi yako F41, na athari za msongo mkali ziko F43. Matatizo ya maisha ambayo si ugonjwa yamewekwa chini ya herufi Z, ambapo mgogoro baina ya wanandoa ni Z63.0 na kufiwa au kupotelewa na mtu wa familia ni Z63.4.

Mjane wa Lindi anayehitaji mtu wa kuzungumza naye miezi michache baada ya mazishi hana ugonjwa kwa maana hiyo. Ana huzuni ya haki. Wanandoa wa Mikindani wanaogombana kwa sababu ya fedha za shule hawana ugonjwa. Wote wawili wanaweza kunufaika sana na ushauri nasaha, lakini msimbo wao halisi ni wa herufi Z, na msimbo wa aina hiyo ukisimama peke yake mara nyingi haulipwi. Hapo huzaliwa kishawishi kibaya kwa pande zote, cha kuandika sonona ili fomu ipite. Ninawasihi wasomaji wasikubali. Utambuzi wa uongo hubaki katika kumbukumbu za mgonjwa, unaweza kuathiri dawa atakazopewa baadaye, na ni udanganyifu dhidi ya mfuko unaochangiwa na watu wote. Kama shida yako ni ya herufi Z, jione tangu mwanzo kuwa mtu wa fedha taslimu au wa huduma za bure, na upange hesabu zako hivyo.

Kwa upande mwingine, asiwepo mtu wa kujidharau akidhani yake ni mawazo ya kawaida. Dodoso la kupima dalili za sonona liitwalo PHQ-9, ambalo lipo kwa Kiswahili, huuliza maswali 9 kuhusu wiki mbili zilizopita: usingizi, hamu ya chakula, uchovu, kukosa raha katika mambo ambayo zamani yalimfurahisha mtu, na fikra za kufa au kujidhuru. Kila jibu hupewa alama 0 hadi 3, jumla ya juu ikiwa 27, na anayefikisha 10 au zaidi anastahili kuchunguzwa kwa makini na mhudumu wa afya. Mtu wa namna hiyo ana haki ya kutumia kadi yake bila kujieleza, kama anavyoitumia mwenye malaria.

Upande wa fedha taslimu

Faida kubwa ya kulipa mwenyewe ni uhuru. Unamchagua mshauri unayemwamini, mwanamke au mwanamume, wa dini yako au asiye wa dini yako, wa mjini kwako au aliye mbali. Unaanza wiki hii bila rufaa, unazungumzia jambo lolote bila kulipachika jina la ugonjwa, na mwenza wako anaweza kuingia kikaoni bila kuulizwa kadi yake. Kwa mtu wa Mtwara au Lindi uhuru huu una maana ya pekee, kwa sababu washauri binafsi wengi wako Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500 kutoka Mtwara mjini, na baadhi yao hufanya vikao kwa simu au kwa video. Anayelipa taslimu anaweza kumfikia mshauri wa namna hiyo akiwa chumbani kwake Ruangwa, mradi mtandao usiyumbe na watoto wasiwe karibu.

Uhuru huo una gharama isiyoonekana kwenye risiti, nayo ni kwamba kazi ya kuhakiki inakuangukia wewe. Kituo chenye mkataba na bima kimepitia ukaguzi wa aina fulani. Mshauri uliyempata kwa namba ya simu kutoka kwa rafiki huenda hajakaguliwa na mtu. Anayejitambulisha kuwa daktari anapaswa kuwa amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, na si utovu wa adabu kumwomba akutajie namba yake ya usajili. Mwanasaikolojia au mshauri aulizwe alisoma nini, chuo gani, na amefanya kazi chini ya usimamizi wa nani. Mtu mwenye elimu hujibu maswali hayo kwa utulivu. Anayekasirika, anayeahidi kukuponya kwa kikao kimoja, au anayekuuzia mafuta na dawa zisizo na jina mwishoni mwa mazungumzo, muage vizuri na usirudi.

Kabla ya kulipa kikao cha kwanza, makubaliano yawekwe wazi kuhusu urefu wa kikao, ambao kwa desturi ya kazi hii ni kati ya dakika 45 na saa moja, bei yake, na kinachotokea usipofika. Zaidi ya yote, mkubaliane idadi. Tiba ya utambuzi na tabia, ambayo ni miongoni mwa tiba za mazungumzo zilizochunguzwa zaidi duniani, kwa kawaida huchukua vikao 6 hadi 20. Nchini Zimbabwe, mpango wa Friendship Bench ulioanzishwa mwaka 2006 na daktari Dixon Chibanda uliwafundisha kina mama wazee wa jamii kuketi na wagonjwa kwenye benchi nje ya kliniki kwa vikao 6 vya kutatua matatizo, na utafiti wake uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliohudumiwa walipata nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Kwa hiyo hakuna ubaya kumwambia mshauri: "Nina uwezo wa vikao 6. Tupange kazi yetu ndani ya hivyo, kisha tupime." Ushauri usio na mwisho unaojulikana ndio unaowafilisi watu wa kipato cha msimu, na wengi huacha katikati wakiwa wameshafunua kidonda ambacho hakijafungwa.

Hesabu zenyewe

Tuchukue mfano wa mtu wa Newala anayemfuata mshauri mjini Mtwara. Bei ninazotumia hapa ni za kupigia hesabu tu; kila msomaji aweke zake. Tuseme kikao ni shilingi 40,000 na nauli ya kwenda na kurudi pamoja na chai ya njiani ni shilingi 20,000. Vikao 8 vitamgharimu shilingi 320,000 kwa mshauri na shilingi 160,000 za njiani, jumla 480,000. Thuluthi moja ya gharama yote, kwa maneno mengine, imeishia barabarani.

Sasa mpe mtu huyo kadi ya bima inayolipia vikao vyote. Zile 320,000 zinaondoka, lakini 160,000 zinabaki palepale, kwa kuwa bima haimlipii nauli wala siku ya kazi aliyoipoteza. Kama utaratibu wa kadi unamtaka kwanza aende kwa daktari kuchukua rufaa, kisha arudi siku nyingine kwa sababu mhusika hakuwepo, safari zimekuwa 10 na nauli imefika 200,000. Mpe mtu huyohuyo fedha taslimu na mshauri anayekubali kukutana naye ana kwa ana mara 4 na kwa simu mara 4, na jumla inashuka hadi 400,000 na bando la simu juu yake. Kadi bado ni nafuu, ila si kwa umbali ambao watu hudhani, na kadri mtu anavyokaa mbali na mji ndivyo tofauti inavyopungua.

Hesabu hubadilika sana dawa zinapoingia. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani inashauri kwamba mtu aliyepata nafuu kwa dawa za sonona aendelee nazo kwa miezi 9 hadi 12 baada ya dalili kuisha, ili ugonjwa usirudi. Vikao vina mwisho wa karibu. Dawa zinaweza kuendelea mwaka mzima au zaidi, pamoja na kumwona daktari kila baada ya muda. Anayelipa taslimu hushawishika kuacha dawa mara tu anapojisikia vizuri, hasa miezi ile ya kiangazi cha mfuko. Hapo ndipo bima inapolipa deni lake, na ndiyo sababu nasema mtu anayeanza dawa asiwe bila kadi kama anaweza kuipata kwa njia yoyote.

Kutokana na hayo, kwa wengi ningependekeza mchanganyiko. Daktari na dawa viende kwenye kadi, katika hospitali iliyo karibu na nyumbani ili kufuata dawa kusiwe safari. Vikao vya mazungumzo vilipiwe taslimu, vichache na vilivyokubaliwa idadi, kwa mshauri mliyeelewana. Mshauri na daktari wajulishane, kwa idhini ya mgonjwa. Mwenye bima ya mwajiri inayotaja vikao waziwazi ndiye pekee ninayemshauri aweke kila kitu kwenye kadi, na hata yeye ahakikishe kwanza kwamba kuna mtoa huduma mwenye mkataba ndani ya mkoa wake, kwa maana haki ya kumwona mwanasaikolojia wa Dar es Salaam tu ni haki ya karatasi kwa mtu wa Liwale.

Siri

Watu wengi wa miji midogo hukwepa kadi kwa kuogopa kwamba mwajiri au ukoo utajua. Hofu hiyo inaeleweka, lakini inahitaji kuwekwa mahali pake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti, na bima, hospitali na mshauri binafsi wote wanawajibika chini yake. Kwa uzoefu wa miji yetu, siri huvuja zaidi kwenye benchi la kusubiria, ambako binamu ya jirani anakuona umekaa mbele ya mlango wa kitengo cha akili, kuliko ofisini kwa bima. Ofisi ya mshauri binafsi, au kikao cha simu, inakuondolea benchi hilo, na hiyo ni faida ya kweli ya fedha taslimu ambayo siidharau.

Hali moja inataka tahadhari ya pekee. Mke anayetumia kadi ambayo mume ndiye mwanachama mkuu ajue kwamba baadhi ya bima humtumia mwanachama mkuu taarifa za matumizi ya kadi. Kama kinachompeleka kwa mshauri ni vipigo au vitisho vya mume huyo, kadi hiyo si salama kwake. Aanzie Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi au kwa afisa ustawi wa jamii, ambako hahitaji kadi wala fedha. Vivyo hivyo, mtoto anayeteswa au mtu mzima anayemwombea mtoto msaada anaweza kupiga 116 bila malipo.

Wakati wa kulipa

Kaya nyingi za Mtwara na Lindi hupata fedha kubwa mara moja kwa mwaka, minada ya korosho inapofunguliwa, kwa kawaida kuanzia mwezi wa Oktoba, na malipo yakaingia benki kupitia chama cha msingi. Mchango wa bima wa mwaka unaendana vizuri na kipato cha namna hii, kwa sababu unalipwa mara moja fedha zikiwepo na kuendelea kufanya kazi mwezi wa Julai, wakati nyumbani hakuna kitu. Ni vyema basi mchango ulipwe siku zilezile malipo ya mnada yanapoingia, kabla ya bati, harusi na madeni, na ikumbukwe kwamba kipindi cha kusubiri kikihesabiwa kuanzia hapo kitakuwa kimekwisha miezi migumu inapofika. Fedha za vikao nazo, kwa anayejua atavihitaji, zitengwe kando kwa wakati huohuo. Kama mshauri anakubali, lipia vikao viwili au vitatu mbele na upewe risiti, lakini usimlipe mtu vyote 8 kabla hujaketi naye mara moja.

Mkulima asiye na kadi wala akiba asikate tamaa na hospitali ya umma. Katika utaratibu wa kuchangia huduma za afya, wagonjwa wa akili wa muda mrefu wamekuwa miongoni mwa makundi yanayostahili msamaha, na ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali ndiyo ya kuulizia. Tatizo la kawaida ni dawa kukosekana stoo, mgonjwa akaandikiwa akanunue duka la dawa. Kwa hiyo hata mwenye msamaha anahitaji akiba ndogo kwa ajili hiyo. Kwa migogoro ya ndoa, mabaraza ya usuluhishi yanayotambuliwa na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yapo katika kata na katika taasisi za dini, ingawa kazi yake ni kusuluhisha, na mwenye sonona chini ya ule mgogoro bado atahitaji tiba.

Dai likikataliwa

Wenye bima za kulipa kwanza na kurejeshewa baadaye watunze vitu vitatu kwa kila kikao: risiti yenye jina la kituo na tarehe, barua au fomu ya daktari iliyompeleka kwa mshauri, na ujumbe wa muamala kama walilipa kwa simu. Wawasilishe ndani ya muda uliotajwa katika mkataba, ambao mara nyingi ni mfupi. Usisaini fomu ya madai iliyo tupu, na usisaini kabla hujasoma huduma zilizoandikwa, maana sahihi yako inathibitisha kwamba ulizipata zote.

Dai likikataliwa, omba sababu kwa maandishi. Mara nyingi kilichopungua ni kibali, rufaa au msimbo ulioandikwa vibaya, na mtoa huduma anaweza kurekebisha na kuwasilisha tena. Kwa mwanachama wa NHIF, ofisi ya mfuko ya mkoa ndiyo ya kuanzia. Kwa bima ya kampuni binafsi, malalamiko huanza kwenye kampuni yenyewe, na yasipopata jibu la kuridhisha yanaweza kupelekwa kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Wakati shauri hilo linaendelea, vikao visisimame kama kuna njia yoyote ya kuvimudu. Mweleze mshauri hali ilivyo, kwani wengi hukubali kupunguza bei kwa muda au kuongeza muda kati ya kikao na kikao, kuliko kumpoteza mtu aliyekwisha kuanza kupata nafuu.